Fundi wa muuzaji ameshaicheki. Bado nilipe wa kwangu?

Swali: Fundi, shikamoo. Naishi Moshi, Pasua. Nimepata Subaru Impreza WRX STI ya 2005, gia za mkono, lita 2.0 turbo, iko Arusha maeneo ya Njiro. Muuzaji anataka milioni 27, na kuna dalali katikati. Nimeenda kuiona, nikaiendesha mpaka Kijenge na kurudi, inavuta vizuri na haitoi moshi. Muuzaji anasema fundi wake ameshaicheki yote, injini ni nzima. Nimepata fundi mwingine anataka laki mbili kuikagua. Washikaji wananiambia nisitupe hela, Subaru ni Subaru tu, hiyo laki mbili niweke mafuta. Dalali naye anadai kuna mteja anakuja na keshi Jumamosi. Nilipe au niache?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Lipa, ila usilipe hivi hivi. Laki mbili ya kumwita mtu azunguke gari, apige teke tairi, afungue boneti, asikilize dakika tano halafu aseme "injini iko poa" ni hela imetupwa kweli, na hapo washikaji zako wana hoja. Kwa laki mbili unataka vipimo vyenye namba, vilivyochukuliwa mbele yako, na mtu ambaye haiingii hata senti mfukoni mwake gari likiuzwa wala lisipouzwa.

Fundi wa muuzaji simwiti mwongo. Huenda kila alichosema ni kweli. Ila yeye anajibu swali la mwenye gari, na mwenye gari anachouliza ni kama gari linaweza kuuzwa. Halafu jua soko letu lilivyo. Mafundi wanaoijua Subaru turbo vizuri Arusha si wengi, wanajuana, wanaazimana vifaa, na dalali anayeweka cha juu anajua wa kumkumbuka. Kwa hiyo hata huyo wa kwako muulize mapema, kabla hajaliona gari: "Umewahi kulishika gari hili? Unamfahamu mwenye nalo? Unamfahamu dalali?" Akisema amewahi kulitengeneza, usimkimbie, anaweza kukupa historia ambayo huipati kwingine, lakini mpe kazi ya kusimulia tu na umtafute mwingine wa kupima. Mlipe kabla ya majibu. Na mwambie wazi kwamba matengenezo yatakayofuata hutampa yeye, maana kuna fundi ambaye akinusa kazi ya mbele kila bushi huwa imekufa.

Sasa, kabla hujamlipa mtu yeyote, kuna jambo la bure. Omba picha ya kadi ya gari usome namba ya chesisi. Impreza za umbo hilo zilizotoka soko la Japani, ile STI, yaani WRX iliyoongezewa nguvu na vifaa vya mbio, namba yake inaanza na GDB. Ikianza na GDA, hiyo ni WRX ya kawaida iliyovalishwa nguo za STI: beji, spoila, viti, labda na kaliba za breki zilizopakwa rangi ya dhahabu. WRX ni gari zuri tu, lakini gia boksi yake ya mwendo wa kasi tano ni dhaifu kuliko ile ya sita ya STI, breki ni nyingine, na bei ni nyingine kabisa. Milioni 27 ya GDA hatuizungumzii. Namba ya kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye bodi, upande wa injini kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Angalia na namba ya injini. Subaru hizi hubadilishwa injini sana, na hilo peke yake si dhambi, ila ukikuta kadi inasema hivi na chuma kinasema vile, mwenye gari arekebishe TRA kwanza, kwa jina lake na kwa hela yake.

Tuje kwenye injini, ndiko laki mbili yako inakofanya kazi.

Wewe uliiendesha ikiwa imeshapashwa moto, Njiro mpaka Kijenge. Safari hiyo haikukuambia kitu. Injini ya Subaru husema ukweli asubuhi ikiwa ya baridi, na husema tena ikiwa imechemka kwelikweli. Nenda Arusha ulale, au toka Moshi saa kumi alfajiri, ufike kwa muuzaji saa kumi na mbili. Mwambie usiku ule gari lisiwashwe. Ukifika, kabla ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu amekipasha makusudi, na wewe una haki ya kurudi siku nyingine.

Ikiwashwa ya baridi utasikia kelele ya kugongagonga hafifu, kama ya dizeli ndogo. Usishtuke. Pistoni za injini za EJ, ndiyo familia ya injini ya gari hili, hucheza kidogo zikiwa za baridi, na kelele hiyo inatakiwa ipotee kadiri moto unavyopanda. Inayotisha ni kinyume chake, kelele nzito, ya chini, inayokuja au kuzidi injini ikishapata moto. Ikiwa ya moto, fundi aipandishe taratibu mpaka mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika kisha aachie mafuta ghafla. Ikigonga pale inapoanza kushuka, beringi za konektingi rodi zimeanza kwenda. Hiyo ndiyo tunayoita injini imenoki, na gari la namna hiyo linaweza kukufikisha Boma Ng'ombe tu. Muulize muuzaji kaweka oili gani na lini. Oili mpya nzito huficha mnoko kwa siku kadhaa, kwa hiyo fundi achomoe kijiti aione, aifute kwenye kitambaa cheupe, aangalie kama kuna vumbi linalong'aa kwenye mwanga. Hata chujio la oili likikatwa na kufunguliwa linasema mengi, na bei ya chujio jipya utaitoa wewe.

Kipimo ninachokitaka kuliko vyote ni cha kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda. Plagi zote nne zinatolewa, pampu ya mafuta inazimwa, pedali inakanyagwa mpaka chini, betri iwe nzima, kisha geji inasoma silinda moja moja injini ikiwa na moto. Kwenye Subaru kazi hii inaudhi. Injini imelala, plagi zinatazama ubavuni, na nafasi ya kupitisha spana kati ya silinda hedi na chesisi ni finyu. Lazima utoe betri au kiboksi cha chujio la hewa, uungeunge vipande vya spana. Ndiyo maana wengi hawafanyi. Fundi akikuambia amepima kompresheni kwa robo saa na mikono yake misafi, hajapima.

Hapa pana jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Vitabu vya Subaru kwa injini hizi za turbo vinatoa kati ya psi (kipimo cha msukumo wa hewa) 142 na 171, lakini namba hizo ni za hewa ya usawa wa bahari. Arusha iko kama mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi, na geji itasoma pungufu kwa karibu asilimia 15. Injini nzima ambayo Tanga ingesoma 150, Njiro itasoma kama 127 au 128. Moshi iko chini zaidi, kwa hiyo pengo linakuwa kama asilimia 10. Watu wameambiwa injini zao zimekufa kwa sababu hiyo tu, na wengine wameshushiwa bei na wanunuzi wajanja kwa sababu hiyo hiyo. Wewe angalia zaidi tofauti kati ya silinda na silinda. Kitabu kinaruhusu kama psi 7. Ukiona 126, 128, 125 halafu moja 104, usisikilize hadithi. Mara nyingi inayolaumiwa ni silinda namba nne, ile ya nyuma upande wa abiria, ambayo husemwa kupata joto zaidi kuliko wenzake. Namba za silinda zote nne ziandikwe kwenye karatasi na geji ipigwe picha kila inaposoma.

Silinda ikisoma chini, kipimo cha pili kinakuonyesha ugonjwa uko wapi. Hewa ya kompresa inasukumwa ndani kupitia tundu la plagi, valvu zikiwa zimefungwa, halafu mnasikiliza. Ikipuliza kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au pistoni. Ikisikika kwenye ekzosi, ni valvu. Maji kwenye rejeta yakianza kutoa mapovu, ni gasketi ya hedi. Kwa gasketi kuna na ile dawa ya bluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta injini ikiunguruma. Gesi ya silinda ikiingia kwenye maji, dawa inageuka manjano. Ni ya bei ndogo, na fundi asiyeijua usimpe kazi ya Subaru.

Mkanda wa taimingi uulizie kwa risiti, maneno hayatoshi. Unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwenye injini hizi ukikatika, valvu na pistoni zinakutana. Kava la plastiki la mbele linafunguliwa kwa bolti chache, muuone kama umepasuka au umelowa oili. Gari la 2005 ambalo mwenyewe hajui mkanda ulibadilishwa lini, mimi nahesabu haujabadilishwa, na gharama hiyo inatoka kwenye bei.

Ukimaliza hapo ndipo liendeshwe, na liendeshwe mlima. Kutoka Sakina kupandisha Ngaramtoni panatosha, gari likiwa na watu watatu, mshale wa joto ukiangaliwa kila dakika. Mkirudi, msizime mara moja. Angalieni kama maji yanarudi nyuma kwenye tanki dogo au harufu yake imegeuka ya moshi. Turbo huku juu hufanya kazi zaidi kulipia hewa nyepesi, kwa hiyo paipu iliyopasuka au turbo iliyochoka utaisikia mlimani, kwenye lami tambarare haionekani. Na kumbuka STI ya soko la Japani ilipangiwa petroli ya okteni ya juu ya kule, inayouzwa ikiwa karibu na 100. Vituo vyetu haviuzi hiyo. Kwa hiyo uliza kama kompyuta ya injini imechezewa ili iongeze nguvu, na nani aliyeichezea. Gari lililoongezwa msukumo wa turbo bila kurekebishiwa mafuta, likinyweshwa petroli ya kawaida, ndilo linalovunja pistoni. Mimi STI ambayo haijaguswa, hata kama rangi imefifia, naichukua kabla ya ile yenye ekzosi ya kopo na stika za Japani mpaka kwenye kifuniko cha mafuta.

Ile mashine ndogo ya kusoma kompyuta kwa bluetooth, usiitegemee. Subaru nyingi za Japani za miaka ile haziongei nayo. Fundi awe na mashine inayoijua Subaru.

Gia boksi ya STI ni ngumu, ila difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, inauawa na tairi. Kagua tairi zote nne: saizi moja, aina moja, kuchakaa sawa. Kisha tafuteni uwanja, mzungushe gari polepole usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho, kulia na kushoto. Likikakamaa na kurukaruka, difu imeshaanza kujifunga. STI zenye kiroda cha kurekebisha difu kwa mkono kati ya viti, kiwekwe upande wa kuachia kabisa kabla ya kupima, la sivyo mtalihukumu bure.

Bodi nayo ina hadithi yake, kwa sababu ya mji wenyewe. Arusha ni mji wa mbio za magari, na Impreza ndiyo imebeba vijana wengi wa rali hapa. Si vibaya kununua gari lililowahi kukimbia vumbini, ilimradi unajua na bei inajua. Wengi hawasemi. Inua kapeti za chini, miguuni kwa dereva na nyuma ya viti vya mbele, upapase kwa vidole. Keji ya usalama, yale mabomba ya chuma yanayowekwa ndani ya gari la rali, hufungwa kwa bolti sakafuni au kuchomelewa, na ikitolewa huacha matundu yaliyozibwa, viraka vya mraba, au rangi mpya mahali ambapo hakuna mtu angepaka rangi. Gari liwekwe kwenye shimo, angalieni kingo za chini ambapo jeki hukaa kama zimelala, na kama kuna matundu ya bolti za bamba la kukinga injini. Kwenye boneti, angalieni vichwa vya bolti za fenda na za bawaba: rangi ikiwa imechubuliwa na spana, fenda ilishatoka. Toa tairi ya spea uone sakafu ya buti kama ina mikunjo. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye leso, ukiipitisha kwenye milango na paneli za nyuma, itaachia pale palipojazwa puti nene. Karatasi ya mnada wa Japani, kama ipo, isomwe: alama ya R au RA maana yake gari lilishapata ajali likatengenezwa kabla halijapanda meli, na kilomita zilizoandikwa pale uzilinganishe na dashibodi ya leo.

Karatasi za huku ni fupi. Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia, siyo la "mwenye gari yuko Dar". Angalia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, na ndani yake muuzaji aandike kwa mkono wake mambo anayoyasema kwa mdomo: kwamba injini haijawahi kufunguliwa, gari halijapata ajali, halijakimbia rali. Hili lina maana kuliko watu wanavyodhani. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imesimama juu ya mnunuzi kujihadhari mwenyewe. Ulinzi wa ubora unamhusu zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo, na kwa mtu binafsi anayeuza gari lake utabaki na kile kilichoandikwa.

Kuna hali moja ambayo ningekuambia usilipe fundi wa injini kabisa. Kama bei ingekuwa ya gari bovu, na wewe umeshapanga kuifungua injini yote na hela ya oveholi ipo pembeni, basi ukaguzi wa injini ungekuwa wa bure, tungekagua bodi, gia na karatasi tu. Milioni 27 si bei hiyo. Hiyo ni bei ya injini nzima, kwa hiyo ioneshwe. Na hata ikipita vipimo vyote, usinunue ukabaki na mfuko mtupu. Kipimo hakionyeshi beringi itakayoondoka baada ya miezi minne kwa sababu mtu aliitesa injini kila siku kwa miaka mitatu. Injini ya STI ya mkononi ni milioni kadhaa kabla ya fundi hajashika spana. Ikiwa hiyo milioni 27 ndiyo hela yako yote, huna hela ya gari hili, tafuta la milioni 20 au utafute gari jingine.

Namba zikija mbaya kidogo, mkanda haujulikani, tairi hazifanani, klachi inateleza, hilo ni la kuzungumza bei. Karatasi ya fundi iweke mezani, kila kitu na gharama yake, dalali aikatie hesabu. Silinda ikiwa chini, au mapovu kwenye maji, au viraka vya keji ambavyo muuzaji alivikataa ulipomuuliza, funga mkoba urudi Moshi. Hapo huwa sishauri kushusha bei, kwa sababu hujui unashusha mpaka wapi.

Kuhusu mteja wa Jumamosi: huenda yupo. Mpigie muuzaji mwenyewe, siyo dalali, umwambie unakuja Ijumaa alfajiri na fundi wako, plagi nne mpya na chujio la oili utanunua wewe, na gasketi yoyote itakayoguswa ni juu yako. Usitoe kishika uchumba kabla ya vipimo. Akilazimisha, iandikwe kwamba kinarudi chote kompresheni ikipishana zaidi ya kiasi mlichokubaliana. Akikubali yote hayo, ni mtu anayelijua gari lake. Akisema gari aendeshe yeyote anayetaka lakini plagi hazitolewi, mwache mteja wa Jumamosi alichukue.

Ukishazipata namba nne za kompresheni, zitume pamoja na picha ya namba ya chesisi na jina la mahali mlipopimia, ili nijue ni hewa ya Arusha au ya Moshi, na nitakujibu siku hiyo hiyo.